Shujaa na Kinywa Chake: Kaida za Usimulizi katika Hadithi ya Ndondi na Mapenzi ya Kijapani, Zikilinganishwa na Masimulizi ya Ziwa Viktoria

Utangulizi

Katika kisiwa cha Remba samaki mmoja ana majina matatu. Mvuvi aliyetoka upande wa Kenya humwita mbuta. Aliyetoka Mwanza au Musoma humwita sangara. Naye aliyetoka Uganda humwita mputa. Kisiwa chenyewe ni mwamba mdogo wa Ziwa Viktoria, si mbali na Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, karibu na mpaka wa Uganda. Nyumba zake za mabati zimebanana, na watu wa nchi tatu hukaa humo bega kwa bega, wakiuziana, wakikopeshana, na kuzungumza kwa Kiluo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine walizokuja nazo. Jina la samaki hubadilika kutoka mdomo hadi mdomo, lakini mifupa yake ni ileile, na mnunuzi hakosei anachonunua.

Mfano huu wafaa kuanzia mjadala wa fasihi linganishi, maana mhakiki wa Kiswahili anapokutana na utanzu wa kigeni mara nyingi hushughulika na jina kabla ya kuitazama mifupa. Akiambiwa kwamba kazi fulani ni hadithi ya picha ya Kijapani yenye kuchekesha, inayohusu ndondi na mapenzi, huenda akaamua papo hapo kwamba haimhusu: ni burudani ya vijana, imetoka mbali, na vigezo vya kuihakikia wanavyo waliyoitunga. Makala haya yanaupinga uamuzi huo kwa kuchunguza kazi moja ya aina hiyo, Ichi-pondo no Fukuin ya Rumiko Takahashi, ambayo jina lake laweza kufasiriwa Injili ya Ratili Moja. Ilianza kutolewa mwaka 1987 katika jarida la Young Sunday la shirika la Shogakukan, ikamalizika mwaka 2007.

Haidaiwi hapa kwamba hadithi hiyo husomwa Remba. Kinachodaiwa ni kwamba vigezo vya kuihakikia vimo tayari katika masimulizi ya ziwa lile na ya pwani ya Waswahili, na kwamba vigezo hivyo hufichua jambo ambalo istilahi za tanzia na futuhi, zikitumiwa peke yake, haziwezi kulifichua. Jambo lenyewe ni hili: katika hadithi za nguvu, hatima ya shujaa huamuliwa na swali la nani anaujua udhaifu wake, na ameujua lini. Udhaifu ukiwa siri, kufichuka kwake ni kifo. Udhaifu ukitangazwa tangu ukurasa wa kwanza, kila kufichuka huleta kicheko, na yule aujuaye aweza kuwa mwokozi wa shujaa badala ya kuwa sababu ya kuangamia kwake.

Muundo wa Injili ya Ratili Moja

Mhusika mkuu, Kosaku Hatanaka, ni mwanandondi kijana wa kulipwa. Ngumi zake ni nzito, na mwalimu wake, Mukaida, anajua kwamba kijana huyu angeweza kufika mbali. Kizuizi chake hakiko ulingoni. Kosaku hawezi kukizuia kinywa chake. Chakula kikimpitia mbele ya pua, mazoezi ya wiki nzima hupotea. Sheria ya ndondi humtaka kila mpiganaji apimwe uzito kabla ya pambano. Mwisho wa uzito wa bantamu ni ratili 118, yaani kama kilo 53 na nusu. Mwisho wa uzito wa unyoya ni ratili 126, yaani kama kilo 57. Ratili moja iliyozidi, ambayo haifiki nusu kilo, yatosha kuharibu kazi ya miezi. Mizani ndiyo hakimu wa kwanza wa Kosaku, na mbele ya hakimu huyo nguvu za ngumi hazina utetezi.

Upande wa pili wa hadithi ni Angela, mnovisi katika nyumba ya watawa. Kosaku akishakula kwa siri, humwendea Angela na kumweleza dhambi yake kwa namna ya maungamo. Angela humsikiliza, humkemea, humwombea. Kosaku huahidi kutubu. Kisha harufu ya chakula humshinda tena. Msomaji anayeijua desturi ya Kanisa Katoliki ataona mara moja mahali kicheko kinapoanzia. Kuondolea dhambi ni kazi ya padri, na mnovisi hana mamlaka hayo. Maungamo ya Kosaku, kwa hiyo, hayana nguvu ya sakramenti. Ni posa iliyovaa joho la toba, kwa kuwa mlango pekee ambao kijana huyu aweza kumpitia msichana aliyekusudia kuweka nadhiri ni mlango wa dhambi zake mwenyewe.

Kaida tatu za usimulizi huibeba kazi hii. Ya kwanza ni rudio. Kishawishi, anguko, ungamo na ahadi hufuatana kwa mzunguko ambao msomaji anaujua kabla ya kugeuza ukurasa. Rudio si jambo geni katika ngano za Afrika Mashariki. Mara nyingi tukio hurudiwa mara tatu, na mara ya tatu ndiyo inayoivunja hali. Tofauti ni kwamba rudio la ngano hupanda kama ngazi, ilhali rudio la Takahashi huzunguka kama jiwe la kusagia. Taharuki haitokani na swali la iwapo Kosaku atakula. Atakula. Swali ni kama atapigana vizuri hata baada ya kula, na kama Angela atamsikiliza tena.

Kaida ya pili ni uchelewesho. Nadhiri inayomngoja Angela hufanya kazi ileile inayofanywa na mto uliofurika, mahari isiyolipika au baba mkali katika hadithi za uchumba. Kizuizi hiki, hata hivyo, kina uzito wa pekee, maana anayekizingatia ni msichana mwenyewe. Hakuna mkatili wa kuchukiwa. Kaida ya tatu ni mashahidi. Mukaida kwa upande wa ulingo na Mama Mkuu kwa upande wa utawa huyatazama mambo haya wakiguna, wakionya na kukata tamaa kwa niaba ya msomaji, kama hadhira ya fanani inavyoitikia na kulalamika wakati mhusika anapofanya upumbavu uleule kwa mara nyingine.

Njaa kabla ya Kicheko

Kicheko hiki hakiwezi kueleweka vizuri bila kukumbuka hadithi iliyotangulia. Kati ya mwaka 1968 na 1973 jarida la Shonen Magazine la Japani lilitoa Ashita no Joe, hadithi ya ndondi iliyoandikwa na Ikki Kajiwara kwa jina la Asao Takamori na kuchorwa na Tetsuya Chiba. Shujaa wake, Joe Yabuki, ni yatima wa mtaa wa mafukara jijini Tokyo. Mpinzani wake mkuu, Toru Rikiishi, ni mtu mkubwa kuliko yeye kwa umbo. Ili wapate kupigana katika uzito mmoja, Rikiishi hujinyima chakula na maji hadi akawa kivuli cha nafsi yake. Katika tukio moja lijulikanalo sana, kiu inapomzidia, msichana aitwaye Yoko humpa maji ya uvuguvugu; Rikiishi huyamwaga bila kuyanywa. Hatimaye hushinda pambano, na mwili uliochoshwa na njaa hufa. Kifo hicho cha mtu wa kubuniwa kiliwagusa wasomaji kiasi kwamba mnamo Machi 1970 ibada halisi ya maziko ilifanyika Tokyo, na mamia ya watu wakahudhuria.

Hapa ndipo kaida ya uzito ilipowekwa. Katika Ashita no Joe mizani ni madhabahu: mpiganaji hutoa nyama ya mwili wake sadaka ili apewe haki ya kupigana. Mwanamke aletaye kitu cha kutia kinywani hukataliwa. Takahashi aliichukua kaida hiyohiyo na kuigeuza juu chini. Mwanandondi wake hatoi sadaka, anaila. Mwanamke wake haleti maji. Anasimama mbele ya sahani na kuomba isiguswe. Aliyeisoma hadithi ya kwanza hucheka mara mbili anaposoma ya pili, mara kwa sababu ya Kosaku na mara kwa sababu ya uzito wa huzuni uliokuwa umetundikwa juu ya mizani ile.

Mhakiki anayeitazama fasihi pamoja na hali ya jamii hataacha kuuliza kwa nini mgeuko huu ulitokea wakati ule. Watu wazima wa Japani ya 1968 walikuwa bado wanaikumbuka njaa iliyofuata vita vya 1945. Umaskini wa mtaa wa Joe ulikuwa jambo la jana. Kufikia 1987 nchi ile ilikuwa miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani, na kijana aliyeshindwa na wingi wa chakula alikuwa kichekesho kinachoaminika. Inafaa pia ikumbukwe kwamba ulingo wa Japani haukuwa mgeni kwa Wakenya. Philip Waruinge, mpiganaji wa uzito wa unyoya aliyepata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na ya fedha huko Munich mwaka 1972, alikwenda kupigana ndondi za kulipwa Japani katika miaka hiyo ya 1970 kwa jina la Waruinge Nakayama. Adhabu ya mizani iliyosimuliwa katika hadithi za picha ilikuwa kazi ya kila siku ya watu halisi, mmoja wao akiwa ametoka Afrika Mashariki.

Shujaa wa Siri: Magere na Liyongo

Masimulizi ya kishujaa yanayojulikana zaidi kandokando ya ziwa ni ya Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya adui iligonga na kuanguka. Walioshindwa naye vitani, ambao Waluo huwaita Lang'o, walimtolea binti yao awe mkewe. Siku moja Magere aliugua, akamwagiza mke huyo amchanje dawa. Wembe ulipokataa kuingia mwilini, akamwambia achanje kivuli chake, na kivuli kikatoka damu. Mke akatoroka na habari hiyo. Katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kivulini, Magere akaanguka na kugeuka jiwe. Kisa hiki kimeingia katika mikusanyo na katika maigizo. Okoiti Omtatah alikitungia tamthilia ya Kiingereza, Lwanda Magere, iliyotolewa mwaka 1991.

Kwenye pwani, Fumo Liyongo anafuata njia ileile. Hakuna silaha inayomwua ila sindano ya shaba ikimwingia kitovuni. Aliyeipata siri hiyo ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa sultani. Mapenzi, au tuseme ndoa, ni chambo katika visa vyote viwili: kwa Magere chambo ni bibi harusi mwenyewe, kwa Liyongo ni ahadi ya bibi harusi kwa mwana. Muhamadi Kijuma alipoutunga utenzi wake juu ya Liyongo mwaka 1913, kaida hii ilikuwa imekwisha kukomaa katika masimulizi ya mdomo.

Hata hivyo kisa cha Liyongo kina tukio moja ambalo wahakiki wamezoea kulipita haraka kwa kuwa linachekesha. Liyongo akiwa gerezani, mama yake humtuma kijakazi Saada ampelekee chakula. Walinzi huvila vyakula vizuri na kumwachia mfungwa mkate wa wishwa, wakimcheka kwa udhalili wa chakula hicho. Ndani ya mkate mna tupa. Usiku ngoma ikilia, Liyongo hukata minyororo chini ya kelele za wachezaji. Hapa kinywa ndicho kinachowaponza walinzi: ulafi wao huwafanya wachague mkate usiofaa. Kwa muda mfupi utendi umekuwa futuhi, na katika muda huo wanawake wawili, mama na kijakazi, wanaijua siri na kuitunza. Tukio hili laonyesha kwamba mapokeo yenyewe yanaijua njia ya pili, ile ambayo ujuzi wa mwanamke huokoa, ingawa mwisho wa kisa hurejea katika njia ya kwanza.

Nyamgondho na Kosa la Kinywa

Kisa kilicho karibu zaidi na Remba, kwa mahali na kwa maana, ni cha Nyamgondho mwana wa Ombare, ambaye husimuliwa katika ufuko wa Gwasi, upande wa Nyandiwa, bara inayokabiliana na visiwa. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja alinasa mwanamke majini. Akamchukua nyumbani, na pamoja na mwanamke huyo utajiri ukaja, ng'ombe wakajaa zizini. Nyamgondho akaoa wake wengine, akawa mlevi na mwenye majivuno. Usiku mmoja alirudi amelewa, na katika hasira yake akamtukana mkewe kwa kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke akaondoka kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata hadi mkia wa mwisho ukazama. Nyamgondho akabaki ufukweni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Matoleo hutofautiana katika mambo madogo, lakini ulevi, tusi na msafara wa kurudi ziwani ndio uti wa mgongo wake.

Kwa kigezo kilichowekwa mwanzoni, kisa hiki kinakaa kati ya Magere na Kosaku. Nyamgondho hana siri ya kivuli wala ya kitovu. Udhaifu wake ni kinywa, na kinywa hakifichiki. Kila jirani amemwona akilewa na kumsikia akijisifu. Ana shahidi wake, ana rudio lake la kila usiku wa pombe, na ana mwanamke aliyempa kitu ambacho hakustahili. Malighafi yote ya futuhi ya Takahashi yamo humu. Kinachoigeuza hadithi kuwa tanzia ni jambo moja: Nyamgondho hakuungama. Angesema neno la toba mbele ya lango, kisa kingeanza upya kesho yake. Badala yake alitamka lile neno ambalo haliwezi kurudishwa kinywani, na rudio likakatika.

Kwa msikilizaji wa kisiwani jambo hili si la kubuni tupu. Uvuvi huleta fedha taslimu kwa siku moja na huzinyima kwa wiki. Mtu aweza kuteremka na mbuta wengi alfajiri na kulala bila senti usiku huohuo, na ni watu wachache katika soko dogo la namna hiyo wasiojua fedha zilikwenda wapi. Nyamgondho humwambia mvuvi kwamba ziwa hutoa na ziwa hutwaa. Futuhi ya Kosaku ingemwambia jambo jingine: kwamba aliyekula jasho lake leo, akikubali kuonekana alivyo, bado ana pambano kesho. Yapo maadili mawili hapa, na haitoshi kuliita la kwanza zito na la pili jepesi. La kwanza hulinda jamii isiharibiwe na mlevi. La pili humlinda mlevi asitupwe na jamii. Kijiji chahitaji hadithi zote mbili.

Mwanamke Anayejua

Iwapo hoja hii ni sahihi, basi uhakiki wa masimulizi ya kishujaa hauna budi kulitazama upya suala la mwanamke. Imekuwa desturi kusema kwamba katika masimulizi haya mwanamke ni msaliti, na wengine wameyashutumu mapokeo yenyewe kwa ajili hiyo. Shutuma hiyo ina msingi, lakini haichimbi hadi chini. Mke wa Magere hakuisaliti nchi yake, aliitumikia. Alitolewa kwa watu wa Kano na ndugu zake kama kifaa cha vita, akatenda kile alichotumwa. Mke wa Nyamgondho hakumsaliti mtu yeyote. Alitukanwa akaondoka na mali iliyokuja naye. Usaliti huonekana pale tu msimulizi anapokaa upande wa shujaa anayeficha. Shujaa akificha udhaifu, kila aliye karibu naye hugeuka hatari, na aliye karibu kuliko wote ni mke.

Takahashi humwondoa mwanamke katika nafasi hiyo kwa hila nyepesi: anamfanya shujaa aseme yote kwanza. Angela hana siri ya kuuza. Kila mtu, mwalimu, watawa, wapinzani na wasomaji, anajua kwamba Kosaku ni mlafi. Kwa hiyo ujuzi wa Angela hauna bei sokoni. Una thamani kati yake na Kosaku tu. Hilo ndilo linaloyafanya mapenzi yao yaaminike pamoja na upuuzi wote unaoyazunguka.

Lakini kazi hii nayo ina kasoro. Wito wa Angela mara nyingi hutumiwa kama ukuta wa kuchelewesha mapenzi kuliko kama jambo lenye maana kwake. Msomaji huonyeshwa mara nyingi jinsi Kosaku anavyoteswa na sahani, lakini ni mara chache anapoonyeshwa kwa kina hivyo kile ambacho Angela anakitafuta katika sala. Aidha, hadithi ilitolewa kwa vipindi visivyolingana kwa miaka ishirini na kukusanywa katika vitabu vinne tu. Rudio ambalo huchangamsha sura moja hupoteza ukali linapotazamwa katika urefu wote huo. Fanani wa ngano angelikata mapema. Katika ngano za Kiluo msimulizi hufunga kwa fomula ya Thu tinda, ambayo Asenath Bole Odaga aliifanya jina la mkusanyo wake wa mwaka 1980. Fomula hiyo huiachilia hadhira ikalale. Hadithi ya jarida haina uhuru wa kuiachilia hadhira yake, maana huishi kwa kuirudisha.

Watambaji wa Kanda na Suala la Tafsiri

Mtu aweza kuuliza kama kuna njia yoyote ya kweli inayoziunganisha hadithi za mbali namna hii na hadhira ya Kiswahili. Njia ipo, na wanaisimu wameichelewesha kuichunguza. Kwa miaka mingi sasa, katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki, filamu za kigeni za mapigano na mapenzi zimekuwa zikisimuliwa upya kwa Kiswahili na watambaji wanaozungumza juu ya sauti ya filamu. Jijini Dar es Salaam Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kazi hiyo. Nchini Kenya jina lililovuma ni la DJ Afro. Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Humweleza mhusika, humtania, humwonya, hueleza desturi ya kigeni kwa mfano wa nyumbani, na hutabiri kitakachotokea.

Kutabiri huko ndiko kunakohusu mada hii. Mtambaji anapoidokezea hadhira kwamba shujaa yuko karibu kufanya upumbavu wake wa siku zote, anafanya kwa sauti kile ambacho Takahashi hufanya kwa picha: anautangaza udhaifu mapema ili kufichuka kwake kulete kicheko. Hata filamu iliyotungwa kuwa ya huzuni yaweza kuelekea futuhi mikononi mwa mtambaji hodari, kwa kuwa amekwisha kuiondolea siri. Hii ni kazi ya uhakiki, ingawa inafanywa katika banda la mabati na mtu asiyeiita hivyo.

Mfasiri wa kitabu naye atakabiliwa na maamuzi ya namna hiyo. Neno fukuin katika jina la kazi hii ni Injili, na hapana shaka juu yake. Lakini pondo yafaa liwe ratili au pauni? Pauni humpeleka msomaji kwenye fedha. Ratili humpeleka sokoni, kwenye mizani ya muuza nyama, na huko ndiko kicheko kiliko: mwili wa shujaa unapimwa kama bidhaa, naye mwenyewe ndiye anayeuongezea uzito. Kwa sababu hiyo ratili ndilo neno linalofaa, ijapokuwa vijana wengi wa leo wamezoea kilo. Jina la mpenzi wa Kosaku halina haja ya kubadilishwa. Kuungama, kitubio, mnovisi na nadhiri ni maneno ambayo misheni za Nyanza na za bara nzima zimeyafanya ya kawaida kwa zaidi ya karne moja. Hadithi ya Tokyo, ikifasiriwa hivyo, ingekuta msamiati wake umekwisha kuandaliwa.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba kaida za hadithi ya ndondi na mapenzi ya Kijapani, yaani rudio, uchelewesho na mashahidi, zaweza kuelezwa kwa ukamilifu kwa vigezo vya masimulizi ya Afrika Mashariki, na kwamba swali la siri ya udhaifu hutenganisha utendi na futuhi kwa uwazi zaidi kuliko swali la iwapo mwisho ni wa huzuni au wa furaha. Magere na Liyongo hufa kwa sababu kuna aliyejua kile ambacho hakikupasa kujulikana. Kosaku anaishi kwa sababu hakuna asiyejua. Nyamgondho amesimama kati yao, mtu ambaye aibu yake ilikuwa wazi kwa wote ila kinywani mwake mwenyewe.

Yapo mambo mawili ya kufuatwa. La kwanza ni la mitaala: somo la fasihi linganishi katika idara za lugha za Kiafrika lisianze kwa istilahi za Ulaya na kuishia kwa mifano ya Kiafrika, njia ya kinyume imejaribiwa hapa na imepitika. La pili ni la ukusanyaji. Mikusanyo mizuri ya masimulizi ya Kiluo ipo, kuanzia kazi ya Paul Mboya ya mwaka 1938 hadi ile ya B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe ya mwaka 1974. Lakini katika visiwa kama Remba na Ringiti msimulizi wa Nyamgondho aweza kuwa na wasikilizaji watokao Musoma na Busia ndani ya chumba kimoja, akalazimika kukisimulia kwa Kiswahili na kukieleza kwa wasioujua ufuko wa Gwasi. Mwanafunzi atakayekwenda kurekodi matoleo hayo aanze kwa kusikiliza wanapocheka, na aandike kama ni kabla ya tusi la Nyamgondho au baada yake.